Helen na Njeo Isiyokuwapo: Uhakiki wa Nafasi ya Vampu katika Filamu za Kihindi

1. Swali la neno

Mhakiki anayetaka kuandika kwa Kiswahili juu ya Helen, mchezaji dansi na mwigizaji mashuhuri wa filamu za Kihindi, hukwama kabla hajaandika sentensi ya kwanza. Hukwama kwenye neno. Mhusika ambaye Helen alimwigiza kwa zaidi ya miaka 20 ni yule mwanamke wa klabu ya usiku, mwenye glasi au sigara mkononi, anayemtega shujaa au kumtumikia jambazi, na ambaye kisa hakimpi ndoa. Waingereza na Wafaransa humtaja kwa neno moja, ambalo hapa litaandikwa vampu. Neno hilo ni kifupisho cha jina la mzuka wa hadithi za Ulaya anyonyaye damu ya walio hai. Lilienea kutokana na filamu bubu za Marekani, hasa A Fool There Was ya mwaka 1915, ambamo Theda Bara aliigiza mwanamke anayemharibu mwanamume mwenye mke na mtoto. Kwa hiyo neno lenyewe lilizaliwa likiwa na hukumu ndani yake.

Kiswahili hakikosi maneno ya jirani. Kuna malaya na kahaba. Kuna kimada na hawara. Na katika miji ya Kongo kuna ndumba. Lakini kila mojawapo husema jambo ambalo filamu haikulisema. Malaya na kahaba ni mwanamke anayeuza mwili wake, ilhali wahusika wengi wa Helen hawauzi kitu isipokuwa dansi, na bei yake ililipwa mlangoni. Kimada humhitaji mwanamume anayemtunza pembeni. Baadhi ya wahusika hao wanaye, wengi hawana. Ndumba, mwanamke asiye na mume anayejitegemea mjini, hukaribia zaidi. Lakini neno hilo lilibuniwa na watu wa mjini kwa ajili ya jirani wanayemfahamu, si kwa ajili ya mtu anayetokea kwa dakika tano, akacheza, akatoweka.

Maneno yote haya yana kasoro moja: hukata shauri kabla shahidi hajasema. Ndiyo maana makala haya yanatumia vampu kama istilahi tu, na kuuliza swali ambalo maneno mengine hulifunga mapema: ni kitu gani hasa kinachomfanya mhusika awe vampu? Je, ni jina lake, sauti yake, mavazi yake au matendo yake? Kazi ya Helen, ikisomwa kwa makini, inaonyesha kwamba si mojawapo ya hayo. Kinachomtenga vampu na shujaa wa kike ni wakati. Kwa lugha ya wanaisimu, vampu ni kitenzi kilichonyimwa njeo.

2. Kutoka Rangoon hadi Bombay

Helen alizaliwa Rangoon, nchini Burma, tarehe 21 Novemba 1938. Baba yake alikuwa wa jamii ya Waanglo-Indi, yaani watu wenye asili ya Kiingereza na Kihindi kwa pamoja. Mama yake alikuwa Mburma. Jina la Richardson, ambalo alilitumia ujanani, lilikuwa la baba yake wa kambo. Wajapani waliiteka Burma mwaka 1942. Mwaka 1943 mama na watoto wake walikuwa miongoni mwa wakimbizi waliokwenda kwa miguu, msituni na vijijini, hadi Assam upande wa India. Wengi waliofuata njia hiyo hawakufika. Kutoka Assam familia ilikwenda Calcutta, na hatimaye Bombay. Mama alifanya kazi ya uuguzi, mshahara haukutosha, na Helen akaacha shule ili asaidie nyumbani.

Aliyemfungulia mlango wa studio alikuwa Cuckoo, mchezaji dansi wa jamii ile ile ya Waanglo-Indi, ambaye alikuwa rafiki wa familia na ambaye jina lake lilikuwa kubwa katika filamu za miaka ya 1940. Cuckoo alimtafutia nafasi katika kundi la wachezaji wa nyuma. Kwa njia hiyo Helen, akiwa bado msichana mdogo, alipita katika Awaara, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Filamu hiyo ilipendwa mno Zanzibar na katika miji ya pwani. Watazamaji wa huko walimwona Helen bila kujua kwamba wamemwona: alikuwa mmoja katika safu, hana jina wala neno.

Jina alilipata mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 19, katika Howrah Bridge ya mwongozaji Shakti Samanta. Wimbo uliomtangaza, Mera Naam Chin Chin Chu, ulitungiwa muziki na O. P. Nayyar na kuimbwa na Geeta Dutt. Humo Helen amevishwa kama msichana wa Kichina, akizungukwa na mabaharia. Hapa pana kejeli ambayo historia iliiandaa bila kukusudia. Filamu inaitwa kwa jina la daraja la Calcutta, mji ambao Helen aliwahi kuuingia akiwa mkimbizi. Alikuwa na kisa cha kweli cha kuusimulia mji huo. Lakini kamera haikumwuliza ametoka wapi. Ilimpa asili nyingine, iliyoshonwa na fundi wa mavazi, na wimbo ambao kichwa chake ni tangazo la jina lisilo lake.

3. Alama zisizotosha

Wahakiki wengi husema kwamba vampu wa filamu za Kihindi ni mgeni, na kwamba ugeni wake hutambulishwa kwa alama tatu: jina, sauti na vazi. Maelezo haya yana ukweli mwingi. Hata hivyo, yakipimwa kwa filamu zenyewe, hayatoshi.

Tuanze na jina. Ni kweli kwamba Helen aliitwa Kitty katika Gumnaam (1965), Ruby katika Teesri Manzil (1966) na Monica katika Caravan (1971), wakati wanawake waliopendwa na mashujaa wa filamu hizo waliitwa Asha na Sunita. Majina ya kwanza ni ya Kikristo au ya Kizungu. Ya pili ni ya Kihindi. Lakini katika Shree 420 ya mwaka 1955 vampu anaitwa Maya, jina la Kihindi kabisa, lenye maana ya kiini macho, naye shujaa wa kike anaitwa Vidya, yaani elimu. Kwa upande mwingine, katika Howrah Bridge shujaa wa kike mwenyewe, aliyeigizwa na Madhubala, anaitwa Edna, na kazi yake ni kucheza dansi hotelini. Kwa hiyo jina la Kizungu halimnyimi mtu ushujaa, wala jina la Kihindi halimwokoi.

Asili ya mwigizaji nayo haitoi jibu kamili. Ni kweli Cuckoo na Helen walikuwa Waanglo-Indi, na Nadira, aliyemwigiza Maya, alizaliwa katika familia ya Wayahudi wa Baghdad. Jamii ndogo zilitoa miili ambayo jamii kubwa haikutaka kuitoa. Lakini Shashikala na Bindu, waliovuma kwa nafasi za namna hiyo hiyo, hawakutoka nje ya India.

Alama ya pili ni sauti. Katika filamu za Kihindi mwigizaji haimbi. Hufumbua midomo tu, naye mwimbaji huwa amekwisha kurekodi studioni. Imezoeleka kusema kwamba sauti nyembamba na safi ya Lata Mangeshkar ilikuwa ya shujaa wa kike, na ile yenye pumzi na utani ya mdogo wake, Asha Bhosle, ilikuwa ya vampu. Caravan inathibitisha kanuni hii: pumzi za Asha Bhosle katika wimbo wa Monica, uliotungwa na R. D. Burman, zimekuwa kama saini ya Helen mwenyewe. Lakini katika Howrah Bridge ni Edna, shujaa, anayeimbiwa na Asha Bhosle. Na katika Gumnaam, kisha tena katika Intaqam (1969), anayemwimbia Helen ni Lata.

Jambo moja kuhusu sauti linastahili kuangaliwa na wasomaji wa Kiswahili. Kwa kuwa sauti ilitenganishwa na mwili tangu studioni, ilikuwa rahisi kuitenganisha tena. Lahani za filamu za Kihindi zilivuka bahari na kuingia katika taarab ya pwani. Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana sana kwa kuzitia maneno ya Kiswahili. Katika safari hiyo lahani iliwasili bila uso. Msikilizaji wa Mombasa aliweza kuipenda pasipo kujua kama nchini India ilichezwa na bibi arusi au na mwanamke wa klabu. Hii ni hoja nyingine kwamba uvampu haumo katika sauti.

Vazi, alama ya tatu, ndilo linalodanganya zaidi. Manyoya, vitambaa vinavyometameta na mawigi ya Helen vimekwisha kuelezwa mara nyingi. Lakini sehemu za mwili zilizoonekana wazi mara nyingi zilifunikwa kwa kitambaa chepesi chenye rangi ya ngozi. Yaani hata uchi wenyewe ulikuwa vazi. Mtazamaji hakuonyeshwa mwili. Alionyeshwa ishara ya mwili, nayo ishara, kama kila mwanaisimu ajuavyo, hupata maana yake kutokana na mahali inapowekwa.

4. Kiambishi kisicho na nafsi

Basi mahali penyewe ni wapi? Gumnaam inatoa mfano mzuri. Kundi la watu limekwama mahali pa mbali, na wanauawa mmoja mmoja. Miongoni mwao wamo wanawake wawili vijana: Asha, aliyeigizwa na Nanda, na Kitty, aliyeigizwa na Helen. Wote wawili wana hofu. Katika mandhari moja wote wawili wanalewa na kucheka pamoja, kama dada. Matendo yao hapo ni yale yale. Lakini Kitty anauawa, na Asha anaendelea hadi mwisho akiwa na mwanamume anayempenda. Jina Asha kwa Kihindi maana yake ni tumaini. Kwa hiyo kabla ya yeyote kufa, orodha ya wahusika ilikuwa imekwisha kueleza nani ana kesho na nani hana.

Ruby wa Teesri Manzil naye anampenda shujaa kwa moyo wa kweli, pengine kuliko mtu mwingine yeyote katika kisa hicho. Mapenzi yake hayana kasoro isipokuwa moja: hayana pa kwenda. Anakufa, na kifo chake kinasafisha njia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Don ya mwaka 1978, iliyoongozwa na Chandra Barot kutokana na hadithi ya Salim Khan na Javed Akhtar. Don, mkuu wa genge, anamwua mtu wake aitwaye Ramesh. Wanawake wawili wanamlilia marehemu: Kamini, mchumba wake, na Roma, dada yake. Wote wawili wanaamua kulipiza kisasi, na wote wanatumia hila. Kamini, ambaye ni Helen, anamchezea Don dansi chumbani ili kumchelewesha mpaka polisi wafike. Roma, ambaye ni Zeenat Aman, anajifanya mhalifu ili aingie ndani ya genge. Msiba ni mmoja, adui ni mmoja, uongo ni wa namna moja. Kamini anauawa mapema. Roma anafika mwisho wa filamu akiwa hai, na anapata mchumba. Hakuna mizani ya maadili inayoweza kueleza tofauti hii. Ukiipima kwa maadili, Kamini aliyepoteza mume mtarajiwa hana hatia kumzidi Roma. Tofauti ni kwamba Kamini alijitokeza akicheza katika nafasi ya vampu, na nafasi hiyo haina wakati ujao.

Sarufi ya Kiswahili ina chombo kinachosaidia kulieleza jambo hili. Kitenzi cha kawaida hubeba nafsi na njeo: alicheza, anacheza, atacheza. Kuna kiambishi kimoja, hu-, kinachovifuta vyote viwili. Mimi hucheza, wewe hucheza, wao hucheza: hatujui nani wala lini, tunajua tu kwamba jambo hilo ni desturi. Filamu za Kihindi zilimweka vampu katika hu-. Yeye hucheza, hutega, hufa. Hana -li-, kwa maana hatuambiwi alizaliwa na nani au alikujaje mjini. Hana -ta-, kwa maana hakuna anayeuliza kesho atakula nini. Edna wa Howrah Bridge alikuwa na jina la kigeni, dansi na sauti ya Asha Bhosle; lakini alipewa mapenzi yanayopokelewa, na mapenzi hayo yalimpa -ta-. Hicho tu ndicho kilichomfanya shujaa.

Mtu anaweza kupinga kwamba haya ni mambo ya kila sinema ya biashara, na kwamba jambazi naye hana kesho. Pingamizi hilo lina uzito, lakini jambazi hupewa -li-: mara nyingi husimuliwa alivyodhulumiwa, alivyopotea, na hata huruhusiwa kutubu. Zaidi ya hayo, watazamaji hawakulipa ili wamwone jambazi akiwa jambazi tu. Walilipa ili wamwone Helen akicheza, na mara nyingi dansi yake ndiyo iliyokumbukwa kisa kikiwa kimesahauliwa. Jamii ilikula chakula hicho kwa hamu, kisha ikamlaumu mpishi. Hapo ndipo penye suala zito la makala haya: namna ya kufurahia kitu na kumwadhibu aliyekileta.

5. Dansi yenyewe

Uhakiki utakaoishia katika kumhurumia Helen utakuwa umemkosea mara ya pili, kwa kuwa utakuwa umemtazama kama kitu kilichotendewa tu. Yafaa kuangalia alichokitenda.

Helen alijifunza Kimanipuri, kisha Bharatanatyam na Kathak, yaani ngoma za kale za India zenye kanuni kali. Dansi zake nyingi ziliongozwa na P. L. Raj. Anayezitazama kwa makini huona kwamba chini ya mitindo ya Hispania, Arabuni au Marekani pana nidhamu ya macho, shingo na vidole iliyotoka katika mafunzo hayo. Mwendo wake una kasi, lakini hauna papara. Kila pigo la ngoma linapata kiungo chake. Katika Inkaar (1977) alivaa kama mwanamke wa tabaka la chini katika kilabu cha pombe, na bila manyoya wala mawigi ya klabu za kifahari dansi haikupungua nguvu. Yaani nguvu haikuwa ya fundi nguo.

Kubwa zaidi ni uso wake. Hati ya filamu ilimtaka mara nyingi awe mtu wa hila. Uso haukukubali. Wimbo unapoanza, Helen hutabasamu kama mtu anayeifurahia kazi yake na anayefurahi kuwa na wenzake jukwaani. Mtazamaji aliyeambiwa amwogope hujikuta akimpenda. Kwa istilahi iliyotumika hapo juu, filamu ilimwandikia hucheza, naye akaigeuza kuwa anacheza: akarudisha nafsi, akarudisha wakati uliopo. Alinyimwa jana na kesho, akaijaza leo mpaka ukingoni. Huo ndio ufundi wake, na ndiyo sababu watu wanaomkumbuka husema jina la Helen, si jina la mhusika.

Hata hivyo haki yake isitufumbe macho. Katika dansi maarufu ya Intaqam, Helen anaizunguka ngome ya vyuma ambamo amefungwa mwanamume aliyepakwa rangi nyeusi mwili mzima, anayetikisa nondo kama mnyama. Mtazamaji wa Kiafrika hawezi kulipita jambo hilo kimya. Vampu alikuwa mgeni katika nyumba ya filamu za Kihindi, lakini ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na mgeni wa chini yake zaidi. Helen ana angalau leo. Mtu wa ngomeni hana hata hiyo. Hana jina, hana neno, hana wimbo, na weusi wenyewe si wake, ni wa kupakwa. Dansi hiyo ni miongoni mwa nzuri alizocheza, na lahani yake ni tamu. Uzuri huo hauondoi ngome. Mhakiki anayesifu dansi na kuiacha ngome amesema nusu. Anayelaani ngome na kuikana dansi naye amesema nusu.

6. Monica wawili

Katika miaka ya 1970 mpaka ulianza kubomoka. Zeenat Aman na Parveen Babi waliingia wakiwa mashujaa wa kike, lakini wakivaa, wakinywa na kucheza kama vampu alivyofanya. Mtayarishaji wa filamu hakuona tena haja ya kulipa wanawake wawili kwa kazi ambayo mmoja angeweza kuifanya. Wengi wamesifu mabadiliko hayo kuwa ni uhuru wa mwanamke. Ni kweli kwa upande mmoja. Kwa upande mwingine, yaliwaondolea mkate wale waliobeba lawama yote wakati kazi hiyo ilipokuwa haramu. Cuckoo, aliyemwingiza Helen studioni, alifariki mwaka 1981 akiwa fukara na amesahauliwa. Kwake yeye, kukosa kesho hakukuwa jambo la hadithi.

Helen alipata njia nyingine. Salim Khan, mmoja wa waandishi wa Don na Sholay (1975), alimsaidia kupata kazi wakati nafasi zilipopungua, na mwaka 1981 walioana. Kabla ya hapo, katika Lahu Ke Do Rang (1979) ya Mahesh Bhatt, aliigiza Suzy, mwanamke wa Hong Kong aliyempenda Mhindi na kumzalia mtoto. Jina lilikuwa bado la kigeni na asili ilikuwa bado ya mbali, lakini sasa mhusika alikuwa mama. Alikuwa na mtu wa kumkumbuka na mtu wa kumngojea. Kwa nafasi hiyo alipata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi bora wa kike, yeye ambaye kwa ajili ya Kitty wa Gumnaam alikuwa amependekezwa tu. Yaelekea watoa tuzo waliona uigizaji pale tu mhusika alipopewa njeo zote. Ufundi ulikuwapo tangu zamani.

Baadaye alirudi kama mzee. Katika Khamoshi (1996) ya Sanjay Leela Bhansali ni Maria, bibi wa familia ya Kikristo ya Goa. Jina la Kikristo halikuwa tena alama ya aibu. Mwaka 2000, katika Mohabbatein, alicheza mkuu wa shule ya wasichana, mwanamke mwenye heshima na furaha, na mhusika huyo aliitwa Monica. Waliolichagua jina hilo walijua walichokifanya. Monica wa mwaka 1971 alikuwa mwanamke wa klabu. Monica wa mwaka 2000 analea wasichana. Ni kama filamu za Kihindi zilitaka kulipa deni kwa kumrudishia jina lile lile, safari hii likiwa na -ta- ndani yake. Serikali ya India nayo ilimtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 2009.

Je, deni limelipwa? Jibu linapatikana katika filamu nyingine. Mwaka 2006 Don ilitengenezwa upya na Farhan Akhtar. Nafasi ya Kamini alipewa Kareena Kapoor, ambaye wakati huo alikuwa miongoni mwa mashujaa wa kike waliotafutwa sana, wala hakuna aliyemwona kuwa amejishushia hadhi. Hii inaonyesha kwamba mwigizaji sasa yuko huru kuingia katika nafasi ya vampu na kutoka. Lakini Kamini wa mwaka 2006 naye anauawa kama yule wa 1978. Aliyekombolewa ni mwigizaji. Nafasi yenyewe imebaki na sarufi yake ya zamani.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, wanaojiandaa kuhakiki riwaya na tamthilia zetu, Helen anaacha swali la kufanyia kazi. Fasihi yetu nayo ina wanawake wake wa mjini, wa baa na wa dansi, na kalamu za wahakiki huwapanga upesi chini ya vichwa kama upotovu wa maadili. Kabla ya kuwapanga, yafaa kuangalia vitenzi vyao. Mwandishi amemwambia msomaji mwanamke huyo alitoka wapi? Amemruhusu kusema atakwenda wapi? Au amemwachia hu- peke yake, kisha sisi tukamlaumu kwa kukosa kile ambacho hakupewa?